Kabla Hujampa Koskei Ile Picha

Kebirigo, Jumamosi jioni, Sabato ikiwa imekwisha kufungwa

Moraa binti yangu,

Picha uliyoifunga kwa gazeti na kuilaza juu ya nguo zako, ile ya mteremko wa chai unaong'aa mweupe na baka jeusi katikati, usimpe Koskei kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho. Nilikuona Jumatano ukiifunga. Mama yako akasema, "Huyo mzee atalia akiliona shamba lake la zamani," nawe ukacheka, ukasema, "Alie tu, zawadi ni ya kuliza." Nikatoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Mambo ya sweta, ya kupiga simu ukifika, ya kutokula ovyo njiani, mama yako amekwambia tangu Jumatatu, na amekwambia vizuri kuliko mimi. Mimi nina jambo moja. Kwa majuma matatu nimekufundisha filamu ya infraredi katika stoo ya nyuma ya jikoni, kila nilichojua cha kuipiga na kuiosha, ili yule mama mpiga picha aliyekubali kukufundisha kazi mwaka mzima asikuone hujui kitu. Siku moja uliniuliza, "Tata, kama kazi hii uliijua hivi, mbona uliiacha?" Nikakujibu kwamba filamu ziliadimika madukani. Ni kweli ziliadimika. Lakini mimi niliacha miaka minne kabla hazijaadimika.

Utashangaa kuona naandika Kiswahili, si Ekegusii tunachosemea nyumbani. Kule Bureti, Kiswahili kilikuwa lugha ya kwenye ua: Koskei upande wake, mimi upande wangu, na maneno yetu yakipita katikati. Jambo hili nililifuma kwa Kiswahili. Nataka kulifumua kwa lugha ile ile.

Wewe unamjua Koskei kwa sauti ya simu tu, mzee anayekuita "mtoto ya Picha" na kukuahidi mursik, yale maziwa yao ya kibuyuni, mpaka uombe msamaha. Picha ni mimi; hakuna aliyeniita kwa jina langu kule. Ulikuwa na miaka minne tulipoondoka, mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, na tangu hapo sijavuka tena kwenda upande ule. Tumeishi hapa kwenye kipande cha shamba la ndugu yangu miaka mingi kuliko nilivyotegemea. Watu wa Kebirigo bado wananiita "yule wa Bureti", kama vile watu wa Bureti walivyoniita "yule Mkisii". Nimezoea. Kesho wewe unarudi kulekule, na Koskei ndiye aliyekupa chumba cha kulala, bila kuombwa, aliposikia tu kwamba mahali pako pa kujifunza ni mwendo wa nusu saa kutoka kwake. Ndiyo sababu siwezi kunyamaza tena.

Nilikuwa na studio ya mabati sokoni, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maua na ndege. Picha za vitambulisho, arusi, ubatizo. Siku moja akaja mtaalamu wa magonjwa ya mimea, aliyekuwa na mradi wa kupima chai ya wakulima wadogo. Sote tulimwita Daktari. Alitaka mtu wa kumpigia milima.

"Unaweza kufanya kazi katika giza kabisa?" akaniuliza.

"Daktari, mimi ni mpiga picha."

"Sikiliza. Nasema giza kabisa. Upenyo wa mlango ambao filamu zako nyingine husamehe, hii haisamehi."

Sikumwamini mpaka nilipoharibu roli yake ya kwanza, kama wewe ulivyoharibu yako kwa ule mwanya chini ya mlango wa stoo. Unakumbuka ulivyoitoa nyeusi tii, ukasema, "Filamu hii ni kama magokoro. Mchana anajidai haoni, usiku anajua nani amefungua mlango." Nilicheka mpaka nikakaa. Bibi yako angekufinya kwa kumtaja hivyo.

Ukweli ni kwamba jani lililo hai hurudisha mwanga ulio ng'ambo ya wekundu, mwanga ambao jicho halikupewa, na filamu hii huushika. Kwa hiyo chai yenye afya hutoka nyeupe, kana kwamba mvua ya mawe imenyesha na kukataa kuyeyuka, na anga ya buluu hutoka nyeusi. Mmea unaoumwa hufifia katika mwanga huo, wakati mwingine kabla jicho halijaona hata jani moja la njano. Nilipoiona roli ya kwanza iliyotoka vizuri ikining'inia kwenye kamba, nilisahau kufunga studio. Milima niliyoipita kila siku nikienda kazini ilikuwa na sura nyingine, na mimi ndiye niliyekuwa nimeitoa.

Kuipiga ulijifunza haraka kuliko mimi. Unasimamisha stendi, unapanga picha kwanza, kwa sababu ukishafunga kile kioo chekundu mbele ya lenzi huoni kitu, ni kama kuchungulia ndani ya chungu. Unasogeza pete hadi kwenye alama ndogo nyekundu, maana mwanga huu hautui pale unapotua mwanga wa macho. Kisha unahesabu sekunde kwa mdomo, kwa kuwa kipima mwanga hakina habari nao. Siku ile kule Birongo ulihesabu hadi nne, mbuzi akaingia katikati, ukamfukuza kwa Kiingereza kana kwamba amesoma. Lakini ulinung'unika nilipokulazimisha kupiga mteremko uleule mara mbili, kisha mara ya tatu. "Tata, unanimalizia filamu!" Sikukujibu. Jibu ni kwamba Daktari alikuwa akinipa roli moja kwa mwezi, na milima ilikuwa mingi. Mteremko mmoja, fremu moja. Shamba la Koskei lilikuwa na fremu moja.

Niliipiga Ijumaa asubuhi. Daktari alikuwa aje Jumapili asubuhi kuchukua picha za karatasi. Chumba changu cha giza kilikuwa na nyufa ambazo filamu za kawaida hazikuzijali, lakini hii ilizijali, kwa hiyo desturi yangu ilikuwa kungoja usiku. Na usiku uliokuwa unakuja ulikuwa wa Ijumaa. Hilo sina haja ya kukueleza wewe uliyelelewa nyumba hii: jua likizama Ijumaa, mikono inawekwa chini. Ningeweza kungoja Jumamosi, Sabato ikifungwa, nikafanya kazi hadi alfajiri. Picha zingekuwa bado na unyevu Daktari akifika, basi. Lakini nilitaka akute zimekauka, zimenyooka, zimepangwa kwenye bahasha. Nilitaka aseme tena yale aliyosema mwezi uliotangulia, kwamba katika wilaya nzima hakuna mwingine.

Wapiga picha wa sokoni siku zile tulikuwa na njia yetu ya kushika filamu mchana. Unavua koti, unalifunga vifungo na kulikunja chini, unaingiza mikono yako kwa kupitia mwisho wa mikono ya koti, na tumbo la koti linakuwa chumba chako cha giza. Nimewahi kufanya hivyo katikati ya arusi, bibi arusi akasema, "Jamani, mpiga picha amejifunga kama kuku wa kuuzwa." Ila koti jeusi ni jeusi kwa macho yetu tu. Mwanga huu hulipita kama maji yanavyopita kikapuni. Nililijua hilo vizuri. Kwa hiyo Ijumaa ile nikaongeza blanketi mbili juu ya koti na shuka nzito juu ya blanketi, nikakaa kwenye kona ya studio saa kumi alasiri, chini ya mabati yaliyochomwa na jua tangu asubuhi, nikaanza kuingiza filamu kwenye gurudumu.

Mikono ikatoka jasho. Unajua gurudumu lilivyo, njia yake inazunguka kama ganda la konokono, na filamu lazima iteleze ndani bila mzunguko mmoja kugusa mwingine. Filamu yenye jasho haitelezi. Katikati nikasikia "tak" chini ya kidole gumba. Ilikuwa imekunjika. Nilitakiwa kuirudisha nyuma, kuifunika, kutoa mikono, kuikausha na kuanza upya. Nikatazama saa ya ukutani. Nikasukuma. Ikakubali, au nikajiambia imekubali, nikalitumbukiza gurudumu kwenye tanki la kuoshea filamu na kulifunga.

Nikamimina dawa ya kwanza, nikaigeuzageuza kwa utaratibu wote ninaokudai wewe. Nikamimina dawa ya kukaza. Nilipofungua, kila fremu ilikuwa safi isipokuwa moja. Fremu ya mteremko wa Koskei ilikuwa na baka la umbo la ukucha, rangi ya maziwa. Pale filamu ilikuwa imelalia mzunguko wa pili, na dawa haikufika. Nikairudisha kwenye dawa ya kukaza. Maziwa yakaondoka, pakabaki wazi kama kioo cha dirisha.

Hesabu hii unaijua. Kilicho wazi kwenye negativu hutoka cheusi kwenye karatasi. Na katika kazi ile, cheusi kwenye mteremko kilikuwa na maana moja tu.

Nilichapisha picha zote kabla jua halijazama. Jumamosi nilikaa kanisani nikaimba sauti ya tatu kama kawaida. Jumapili Daktari akaja, akazitandaza mezani, akafika kwenye ile, akagonga kwa kalamu.

"Hapa. Umeliona hili?"

"Nimeliona."

"Ugonjwa wa mizizi. Unaanzia chini, jicho lisingeona kitu mwaka mzima." Akaniwekea mkono begani. "Kazi nzuri sana."

Nilitakiwa kusema, "Filamu ilishikana." Maneno mawili, Moraa. Nimeyahesabu mara nyingi. Lakini neno "kazi nzuri" lilikuwa limefika kwanza, nami nikalipokea.

Wiki iliyofuata Koskei aliagizwa kung'oa mistari sita na kuchimba mfereji kuizunguka, kwa sababu ugonjwa ule hutembea kutoka shina hadi shina. Mistari ile ilipandwa na mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Sikuweza kukaa mbali. Nilikwenda nikasimama kwenye ua, na Koskei akanitokea ndani ya shimo, matope hadi magotini.

"Wewe Picha! Kuja hapa."

Alikuwa ameshika mzizi mnene kama mkono wa mtoto. Akauparuza ganda kwa panga.

"Ona. Hii ugonjwa mimi naijua, iliingia kwa shamba ya shemeji yangu. Ukitoa ganda, ndani iko nyeupe kama ukungu, na inanuka uyoga. Hii inanuka udongo tu. Mbona iko mzima?"

Nikamwambia, "Mzee, filamu inaona kabla ya jicho."

"Kabla ya jicho?"

"Kabla."

"Na kabla ya pua?"

Mke wake, aliyekuwa akikusanya mashina ya kuchoma, akaangua kicheko. Mimi pia nikacheka. Koskei hakucheka. Alinitazama, kisha akautupa mzizi kwenye rundo. "Haya. Wewe ndio umesoma," akasema, akarudi shimoni.

Lile la ndani ya blanketi lilifanywa na jasho. Hili nililifanya mikono ikiwa mikavu.

Mwaka uliofuata binti yake mkubwa, Chebet, hakurudi shule baada ya likizo. Sijui kama ni kwa sababu ya mistari ile. Nimejiambia mara nyingi kwamba sijui. Nilimwona tu asubuhi moja akipita mbele ya studio na kikapu cha kuchumia mgongoni, akaniamkia kwa heshima kama siku zote. Mwezi huohuo nilimwambia Daktari kwamba macho yananisumbua, nikamrudishia roli mbili ambazo sikuwa nimezifungua. Alisikitika sana. Aliniandikia hata barua ya kunisifu, ambayo sijui iko wapi, wala sijaitafuta.

Sasa kuhusu kisanduku ulimotoa negativu ya zawadi yako. Ulipokifungua mwezi jana ukakuta kila kipande cha negativu kwenye bahasha yake, uliniuliza kilipona vipi wakati hata vyombo vya jikoni havikupona. Nilikwambia Koskei alikihifadhi. Sikukueleza ilivyokuwa. Asubuhi tuliyoondoka, lori likiwa limewashwa, mama yako amekubeba, yeye alikuja langoni kwetu mbele ya watu ambao hawakupenda kumwona pale.

"Leta hiyo sanduku. Hapa watachoma."

"Ni picha tu, mzee."

"Najua ni picha. Leta!"

Nikampa. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, kwenye ulimi, na dereva akapiga honi, na nikasema "asante". Alikifukia chini ya mahindi ghalani kwake miaka miwili. Kisha akakituma kwa dereva wa maziwa, kikafika hapa kikiwa na makapi ya mahindi kwenye bawaba. Nilikifungua peke yangu. Bahasha ya kwanza juu ilikuwa ya mteremko wake. Aliificha picha ile kwa hatari ya nyumba yake, pasipo kujua alichokuwa ameficha. Ndivyo nilivyodhani mpaka leo jioni.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, vya dini na visivyo vya dini, na nakiri kwamba katika vyote nilikuwa nikitafuta ukurasa unaosema kwamba muda ukiwa mrefu vya kutosha jambo huisha lenyewe. Sikuupata. Nilichopata ni visingizio vyangu mwenyewe vikiwa vimeandikwa na watu wenye lugha nzuri zaidi.

Siku moja na wewe utasikia "tak" chini ya kidole. Huenda ikawa ni wiki hii hii, kwa maana utakuwa na woga na utataka kumpendeza mwalimu wako. Hilo halinisumbui. Filamu zitashikana, maji yatakuwa na joto, utasahau kufunga kifuniko. Kinachonisumbua ni dakika inayofuata, mtu akiisifu kazi yako na wewe unajua kuna kitu ndani yake ambacho yeye hakijui. Dakika ile ni fupi, na ukiipita haiji tena kwa bei ileile. Mimi nilipewa ya kwanza mezani na Daktari, ya pili kwenye mfereji, ya tatu langoni. Kila moja ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia, na kila mara nilijiambia kinyume chake, kwamba itakayofuata itakuwa rahisi.

Alhamisi niliandika barua nyingine, ya Koskei, nikakusudia kuitia kwenye mzigo wako uipeleke. Niliisoma upya nikaona ninachofanya. Ningekutuma ulale chini ya paa la mtu huku umebeba aibu ya baba yako kama kifurushi, wewe ambaye hukuwa umezaliwa. Nikaichoma jikoni. Mama yako akauliza ni nini kinachonuka karatasi, nikamweleza yote, yeye kwanza. Alikoroga uji muda mrefu. Kisha akasema, "Na mimi nilimpelekea yule mama ndizi kila Krismasi nikidhani sisi ni majirani wema." Hakusema lingine, wala hajaniambia mengi tangu hapo. Ana haki.

Leo, tulipokwisha kufunga Sabato kwa wimbo na wewe ukaenda kuaga kwa shangazi yako, nilipiga simu. Alipokea Chebet. Ana sauti ya mama mtu mzima siku hizi. Aliniambia ameshatandika kitanda chako na kuweka pazia jipya, kisha akampa baba yake simu.

"Picha! Mtoto amefunga mzigo?"

"Amefunga. Mzee, kesho nakuja naye."

"Wewe? Huku?"

"Huko. Nina neno la kukwambia."

Nikamsikia akimwambia Chebet apunguze redio. "Neno gani?"

"La zamani."

"Kama ni ya ile mizizi," akasema, "usiseme kwa simu. Kuja useme ukisimama hapo."

Nilikaa chini. Nikamuuliza, "Kwani ulijua?"

"Mimi nilichimba na mkono yangu, Picha. Siku hiyo hiyo nilijua haikuwa na ugonjwa. Kitu sikujua ni kama wewe ulijua." Akapumua. "Sasa umeniambia."

Nikangoja aendelee. Alichosema ni kwamba barabara ya juu imekatwa na mvua, tupitie ya chini, na akakata simu.

Hakusema amenisamehe, na sikutaka ajifanye. Inawezekana kesho atatukaribisha chai. Inawezekana pia atafunga lango, na wewe jioni usiwe na chumba wala pazia jipya. Najua ninachokufanyia: umejiandaa miezi sita kwa mwanzo wako, na mimi ninaingia katikati kama yule mbuzi wa Birongo. Niwie radhi. Nilifikiria kungoja mpaka ukae, uzoeane nao, mwalimu wako akujue, ndipo niseme. Kisha nikaona hiyo ingekuwa dakika ya nne, na ningeipitisha kama zile nyingine, safari hii nikikutumia wewe kuwa sababu. Akifunga lango tutatafuta chumba sokoni, na nitakaa nawe mpaka upate pa kudumu. Hilo nimelipanga na mama yako. Kwa mwalimu wako utaripoti Jumatatu saa mbili kama mlivyoagana, iwe iwavyo.

Ile picha nitaibeba mimi. Negativu pia. Nataka Koskei ashike kile kipande dhidi ya jua aone mwenyewe mahali palipo wazi, nami nimweleze kila hatua, koti na blanketi na saa ya ukutani, bila kuruka ile ya kusukuma. Chebet pia nitamweleza, akikubali kunisikiliza. Yeye sijui nitaanzia wapi. Nitaanza kwa jina lake.

Wewe utakuwa hapo, na utayasikia mambo ambayo binti hapendi kuyasikia juu ya baba yake. Ndiyo maana nimekuandikia kwanza, uwe umeyajua kabla, usisimame pale kama mgeni. Ukikasirika, kasirika njiani. Ni safari ya saa kadhaa na sitaziba masikio yangu.

Gari la kwanza linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama yako amenikumbusha kwamba niliapa sitavuka tena upande ule maadamu niko hai. Nakumbuka nilivyoapa, na mbele ya nani. Nitavuka.

Tukifika langoni kwa Koskei, usinishike mkono, wala usinisemee ukiona nimekwama. Niache nitangulie peke yangu. Wewe baki nje na mzigo wako mpaka uitwe, na ungoje uitwe na yeye.

Tata yako